Pikapu za Besi na Sauti za Wazee wa Soitsambu



Ukitamka neno "pikapu" katika kata ya Soitsambu, tarafa ya Loliondo, kila anayekusikia anafikiria gari. Siku nilipomwambia katekista wetu kwamba nakwenda Arusha kutafuta pikapu, alishangilia akiamini kuwa hatimaye tumepata usafiri wa vigangoni. Pikapu ninayotaka kuisimulia ni kifaa kidogo cha sumaku na waya wa shaba kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme. Kifaa hicho kilinishughulisha kwa miezi kadhaa ya mwaka wangu wa kichungaji, na kilinifundisha mambo ambayo sikuyapata darasani.

Naandika kwa ajili ya aina mbili za wasomaji. Wa kwanza ni mafrateri wenzangu, ambao kesho mtakabidhiwa kwaya zenye vyombo vibovu na fedha kidogo. Wa pili ni ninyi wanakwaya na waamini mnaochangia vyombo hivyo, kisha mnakaa navyo vikivuma Misa nzima bila kujua tatizo liko wapi.

Kikao cha halmashauri

Kigango nilichopangiwa kina kanisa la mabati, ukuta wa tofali nusu, na umeme wa sola unaopita kwenye inveta. Kwaya ina kinanda kidogo na gitaa la besi la nyuzi nne, nakala ya ile besi iitwayo Jazz Bass ambayo kampuni ya Fender ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1960. Liliachwa na wageni waliopita miaka ya nyuma, na hakuna aliyelipiga mpaka alipotokea kijana mmoja aliyekuwa amerudi nyumbani kutoka kazi ya ulinzi Arusha. Usiku alikuwa akilinda ukumbi ambamo bendi ilifanya mazoezi, na mpiga besi wa bendi ile alimfundisha. Kijana huyo alikuwa mkatekumeni. Alikuja kanisani kwa sababu ya besi, hilo alilisema mwenyewe bila kuona haya, na kwa sababu ya besi aliyasikia mafundisho.

Mwezi wa kwanza halmashauri ya kigango ilikaa. Mwenyekiti alileta hoja mbili. Kwanza, kuna mtu wa Wasso aliyekuwa tayari kulinunua gitaa kwa shilingi laki mbili na nusu. Pili, kigango kilikuwa kinatafuta fedha za tanki la maji, na mvua zilikuwa zimekatika mapema. Kabla sijapewa nafasi, mzee mmoja ambaye huongoza nyimbo za wanaume alisimama na fimbo yake.

"Frateri," alisema, "sisi wanaume wa hapa tunaimba kwa koo. Hicho chombo chenu kimekuja kukaa kwenye koo zetu. Halafu kinavuma hata Padri akiinua Hostia. Kiuzwe tupate maji."

Mama mwenyekiti wa WAWATA alimjibu kwa upole, "Baba, na huyu mtoto aliyekuja kwa sababu yake tunamweleza nini?"

Kijana mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma, kimya. Kikao kiliamua kusubiri mpaka Pasaka. Kama mvumo hautakuwa umekwisha na wazee hawajaridhika, gitaa litauzwa. Kesho yake asubuhi kijana alinifuata akaniambia kwamba ametoa mbuzi mmoja auzwe, ili fedha itengeneze besi. Anayejua bei ya mbuzi wakati wa kiangazi Loliondo anajua hiyo ilikuwa sadaka ya namna gani. Tangu siku hiyo nilijua kwamba kila shilingi ya mbuzi yule inapaswa kwenda mahali sahihi.

Pikapu inafanyaje kazi

Kabla ya kuingia seminari nilifanya kazi na mjomba wangu, fundi redio wa Karatu. Kwa hiyo nilianza pale alipokuwa akianzia yeye, yaani kwa kujiuliza sauti inazaliwa wapi.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mara maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma unapotetemeka juu ya sumaku unaivuruga nguvu ya sumaku, na mvurugiko huo unazalisha umeme mdogo ndani ya koili. Ni kanuni ile ile aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831, na ndiyo inayoendesha jenereta ya parokia. Umeme huo mdogo unapita kwenye waya, unakuzwa na amplifaya, na spika inaugeuza kuwa sauti. Pikapu haisikii hewa kama maikrofoni inavyosikia. Inasikia chuma kinachotikisika, na ndiyo maana nyuzi za nailoni hazitoi sauti juu yake.

Hapo ndipo ubaya unapoingia. Koili hiyo hiyo inayosikia uzi inasikia pia kila umeme unaovuma jirani: inveta, taa, transfoma ya amplifaya. Umeme wetu Tanzania hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Noti ya G ya chini kwenye besi, ile ya kibonyezo cha tatu cha uzi mnene, hutetemeka mara 49. Kwa hiyo mvumo wa kanisani kwetu ulikuwa kama mtu anayeimba noti moja ya G iliyopanda kidogo, tangu wimbo wa mwanzo hadi wa mwisho, hata pale kwaya inapoimba ufunguo mwingine kabisa. Mzee hakuwa na multimita, lakini sikio lake lilikuwa limepima vizuri.

Njia ya kuondoa mvumo inajulikana tangu zamani. Unatumia koili mbili badala ya moja, zikiwa zimezungushwa kinyume, na sumaku zake zimegeuzwa kinyume. Mvumo unaingia kwenye koili zote mbili na kujifuta wenyewe, ilhali sauti ya uzi inajumlishwa. Seth Lover wa kampuni ya Gibson ndiye anayetajwa zaidi kwa kazi hiyo, na pikapu za namna hiyo huitwa hambaka. Mwaka 1957 Fender waliipa besi yao ya Precision pikapu iliyogawanyika vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi nene mbili na kingine chini ya nyembamba mbili. Vipande hivyo viwili vinafutiana mvumo kwa kanuni hiyo hiyo.

Tafuta kelele inatoka wapi

Mafrateri, hapa naomba mnisikilize vizuri, maana ndipo fedha nyingi za kwaya hupotea. Watu husikia mvumo, wakakimbilia dukani. Besi inaweza kuvuma kwa sababu tatu tofauti, na kila moja ina dawa yake. Vipimo vyake ni vya bure.

Cha kwanza, punguza sauti, chomoa waya upande wa gitaa, kisha pandisha sauti kidogo. Kama mvumo bado upo, ugonjwa uko kwenye amplifaya, kwenye waya au kwenye umeme wenyewe. Cha pili, rudisha waya, kisha gusa nyuzi kwa kiganja. Mvumo ukipungua unapogusa, gitaa halina kinga ya kutosha ndani, au kuna waya wa ardhi uliolegea. Cha tatu, simama mahali pamoja na ujizungushe polepole ukiwa umevaa gitaa. Mvumo ukiongezeka na kupungua kadiri unavyogeuka, koili ndiyo inayovuta.

Besi yetu ilikuwa na yote matatu kwa viwango tofauti. Lakini kipimo cha tatu ndicho kilichozidi. Kijana alipoelekea sakristia, ilikokuwa inveta, gitaa lilinguruma. Alipoelekea mlango mkubwa, lilitulia.

Nilifungua gitaa juu ya meza ya katekista, nikaazima multimita kwa fundi wa Wasso. Besi ya aina hii ina pikapu mbili za koili moja moja: moja upande wa shingo, nyingine nyuma karibu na daraja linaloshika nyuzi. Zikifanya kazi pamoja kwa kiwango sawa, kwa kawaida hufutiana mvumo. Ya shingoni ilisoma kilo-ohm saba na nusu, ambacho ni kipimo cha kawaida. Ya nyuma haikusoma kitu. Waya ulikuwa umekatika mahali fulani ndani ya koili, na koili yote ikawa imekufa. Kwa hiyo tulikuwa na koili moja tu, ile ya shingoni, ikivuma peke yake bila mwenzake wa kuifuta.

Kwa nini wazee walikuwa na hoja

Mvumo ulikuwa nusu ya malalamiko. Nusu ya pili ilikuwa ile ya koo, na hiyo multimita haipimi.

Ndugu zetu Wamasai hawana desturi ya ngoma za kupigwa kama makabila mengine mengi. Muziki wao ni sauti za watu. Mwongozaji anaanzisha, wengine wanaitikia, na chini yake wanaume wanashika mdundo kwa sauti nzito ya kooni. Kwa lugha ya kwaya, besi tayari wanayo. Imekuwepo tangu kabla umeme haujafika. Kwenye nyimbo zetu za Misa za Kimaasai, hasa wakati wa matoleo, wanaume hufanya hivyo hivyo, na ndipo kanisa zima linaposhikana.

Sasa fikiria pikapu ya shingoni. Iko mahali ambapo uzi unatetemeka kwa upana mkubwa, kwa hiyo inachukua zaidi sauti ya msingi, nene na ya mviringo. Uzi wa E hutetemeka mara 41 kwa sekunde na uzi wa A mara 55. Juu yake kidogo, kuanzia kama mara 85 hivi, ndipo sauti za wanaume zinapoanza. Weka unene huo chini ya mabati, katika chumba ambacho ukuta unaurudisha, na noti zinaanza kuingiliana. Neno la wimbo linazama. Sauti ya kooni inazama pamoja nalo.

Kanisa limelizungumzia jambo hili kwa uwazi. Mtakatifu Papa Pius wa Kumi, mwaka 1903, alikataza kinanda cha piano na vyombo vya kelele kanisani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya mwaka 1963, uliipa kinanda cha mabomba heshima ya kwanza, lakini ukafungua mlango kwa vyombo vingine vinavyofaa ibada, kwa idhini ya mamlaka ya Kanisa mahali husika. Mwaka 1967 maelekezo yaitwayo Musicam Sacram yaliongeza mambo mawili yanayotuhusu moja kwa moja. Katika kuchagua vyombo uangaliwe utamaduni wa watu wa mahali. Tena vyombo vinavyosindikiza wimbo visizidi sauti za waimbaji kiasi cha maneno kutosikika, na vinyamaze pale padri anaposema kwa sauti yale yanayomhusu yeye. Mtume Paulo naye, katika sura ya 14 ya barua ya kwanza kwa Wakorintho, anachukua mfano wa filimbi na kinubi kueleza kwamba sauti isiyotofautika haimjengi anayesikiliza.

Niliposoma tena hati ile usiku, niliona kwamba yule mzee, ambaye hajawahi kuisoma, alikuwa amelieleza kanisa lake sawasawa na ilivyoandikwa. Kwa hiyo swali langu likabadilika. Kutoa mvumo tu kusingetosha. Tulihitaji besi inayowaachia wanaume nafasi yao.

Jumapili moja baada ya Misa niliwaomba wazee wanne wabaki. Waliimba kipande cha matoleo huku kijana akipiga. Nilimwambia apige kwa vidole karibu na shingo, kisha asogeze mkono nyuma hadi karibu kabisa na daraja. Uzi ukipigwa karibu na daraja hutoa zaidi sauti zake za juu, na ule unene hupungua. Mara ya pili mzee alifumbua macho akasema, "Hapo. Hapo nimejisikia."

Hilo lilituambia la kununua. Fedha ilitosha pikapu moja, na iwe ya nyuma.

Kuchagua

Mawazo mengine yalikuwepo. Seremala mmoja alijitolea kuchimba ubao ili tuweke hambaka kubwa, kama ile ya besi ya StingRay iliyoanza kutengenezwa na Music Man mwaka 1976. Ni sauti nzuri, lakini ubao ukishachimbwa haurudi, na chombo kilikuwa mali ya kigango. Wazo lingine lilikuwa kuizungusha upya koili iliyokufa. Inawezekana kwa mwenye mashine na subira, lakini matokeo yake yangekuwa koili moja inayovuma tena kila tutakapoipiga peke yake. Tulichohitaji ni pikapu yenye umbo lile lile la zamani, ila ndani yake kuna koili mbili zinazofutiana. Zipo zinazotengenezwa hivyo. Nyingine koili zake zimepandana juu na chini, na nyingine zimepangwa ubavu kwa ubavu.

Basi la Arusha huondoka Wasso alfajiri, likashika lami ya kuelekea Sale, kisha vumbi la Ngaresero chini ya Ol Doinyo Lengai, hadi Mto wa Mbu. Nilibeba gitaa lenyewe, multimita, rula, na dira ndogo ya skauti. Frateri mmoja alinicheka, akaniuliza kama naogopa kupotea Arusha. Dira ilikuwa na kazi yake.

Katika duka la kwanza nilionyeshwa pikapu yenye jina kubwa mgongoni na bei ndogo, nikaambiwa ni ya kuondoa mvumo. Nilipitisha dira juu yake. Kwenye pikapu ya koili mbili za ubavu kwa ubavu, sumaku za nyuzi nene huvuta ncha moja ya sindano ya dira, na za nyuzi nyembamba huvuta ncha nyingine. Sindano haikugeuka. Ilikuwa koili moja ya kawaida yenye jina la kuazima. Nilishukuru, nikatoka. Angalizo: kwa zile za koili zilizopandana, dira haikupi jibu, maana juu utaona ncha moja tu. Za namna hiyo uliza kama muuzaji yuko tayari kuijaribu mbele yako kwenye amplifaya, karibu na transfoma.

Niliipata tuliyoihitaji kwa fundi wa magitaa aliyekuwa ameitoa kwenye besi nyingine. Sindano iligeuka. Multimita ilisoma. Rula nayo ilikuwa na maana: kwenye besi nyingi za aina hii pikapu ya nyuma huizidi ya shingoni kwa milimita chache, na ukinunua ya shingoni kwa ajili ya nyuma, itacheza kwenye tundu lake na sumaku hazitakaa sawa chini ya nyuzi. Tulielewana bei, na fedha ya mbuzi ikabaki na chenji ya kununulia karatasi ya shaba yenye gundi.

Kufunga

Kazi yenyewe ilichukua alasiri moja. Kwanza nilipiga picha za nyaya zote kwa simu kabla ya kugusa chochote. Nilibandika ile karatasi ya shaba ndani ya tundu la vitufe na la pikapu, nikaiunganisha na waya wa ardhi, ili kinga iwe kamili. Nilichomoa pikapu iliyokufa, nikachomelea mpya kwa risasi, waya wa moto kwenye kitufe cha sauti cha nyuma na wa ardhi mgongoni mwa kitufe. Vitufe vyenyewe ni vya kilo-ohm 250, navyo viliachwa.

Kuna jambo moja la kuangalia baada ya kufunga. Fungua pikapu zote mbili pamoja. Kama sauti inakuwa nyembamba, kana kwamba besi imekimbia, maana yake moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Badilisha nafasi za nyaya mbili za pikapu mpya, na unene utarudi. Hakikisha tu kwamba hakuna kifuniko cha chuma kilichoungwa na waya unaotaka kuuhamisha.

Mwisho ni kimo. Bonyeza nyuzi kwenye kibonyezo cha mwisho, kisha inua au shusha pikapu kwa skrubu mpaka ibaki nafasi ya milimita mbili hadi tatu. Upande wa uzi mnene tuliushusha zaidi. Skrubu hizo hazigharimu kitu, na hubadili mlio kuliko wengi wanavyodhani.

Mvumo wa koili ulikwisha. Ulibaki mdogo kutoka kwenye amplifaya, na huo ulimhusu fundi umeme, aliyetengeneza ardhi ya sakristia kwa nondo iliyozikwa nje. Naomba hapa niseme kwa msisitizo: kuna wanaokata pini ya ardhi kwenye plagi ili mvumo upungue. Mpiga gitaa ameshika nyuzi za chuma zilizounganishwa na amplifaya. Pini hiyo inalinda uhai wake. Msiikate kamwe, na mkiikuta imekatwa, msipige chombo hicho mpaka irudishwe.

Siwezi kusema kwamba sauti mpya ni bora kila mahali. Pikapu ya nyuma peke yake ina mlio mkavu, wa puani kidogo. Tulipokuwa na Misa ya uwanjani, chini ya migunga, ilipwaya, maana hapakuwa na bati wala ukuta wa kuisaidia. Siku hiyo tulifungua na ya shingoni nusu, kwa kuwa jenereta ilikuwa mbali. Chombo kimoja, sauti mbili, kila moja na mahali pake.

Kwaresima na Pasaka

Nilipomaliza, mwenye mbuzi hakuwepo. Majani yalikuwa yameisha, na alikuwa ameondoka na ng'ombe wa baba yake kutafuta malisho. Wiki tano za Kwaresima binti mmoja wa kwaya alishika besi kwa noti chache alizofundishwa. Ulikuwa wakati mzuri wa kujifunza, kwa sababu Kanisa linataka wakati wa Kwaresima vyombo vipigwe kwa ajili ya kusindikiza wimbo tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Hakuna vionjo vya mwanzo wala madoido ya mwisho. Besi iliingia pamoja na sauti, ikatoka pamoja na sauti. Wazee walianza kuimba bila kugeuza shingo kuitazama.

Kijana alirudi Jumatano Kuu, amekonda, viatu vimeisha. Ng'ombe wawili walikuwa wamekufa njiani. Aliliomba gitaa, akakaa nalo nje ya kanisa karibu saa nzima, akipiga polepole bila amplifaya. Sikumuuliza kitu.

Usiku wa Mkesha wa Pasaka alikuwa kati ya wabatizwa, kwa hiyo hakupiga. Binti naye alikuwa anaimba soprano. Gloria ilipoanza, kengele zikalia, kinanda kikaingia, wanaume wakashika kwa koo zao, na gitaa lilikuwa limeegemezwa ukutani. Baada ya Misa yule mzee alinijia na fimbo yake.

"Frateri, leo chini palikuwa patupu kidogo."

"Mpiga besi alikuwa anabatizwa, Baba."

"Ndiyo, nimemwona. Basi Jumapili ijayo."

Hoja ya kuuza gitaa haikurudi tena kwenye kikao. Tanki la maji halikuwa limenunuliwa nilipoondoka, na jumuiya ndogo ndogo zilikuwa bado zinachanga. Mama mwenyekiti wa WAWATA hakuacha kulikumbusha hilo kila Jumapili, na alikuwa na haki. Kijana aliyetoa mbuzi kwa ajili ya besi alikuwa pia wa kwanza kwenye orodha ya wachangiaji wa tanki.

Kwa wenzangu mtakaopangiwa kwaya zenye vyombo vya umeme, nawaachia mpangilio huu wa kazi. Anzeni na masikio ya watu wanaolalamika, hasa wazee, na muulize wanachokosa kusikia. Kisha fanyeni vile vipimo vitatu vya bure. Kisha jaribuni kwa mkono: sehemu ya kupigia, kitufe cha toni, kimo cha pikapu, nyuzi mpya. Baada ya hapo wekeni kinga ya ndani na ardhi salama. Pikapu mpya iwe ya mwisho, na mnapokwenda kuinunua mwende na chombo chenyewe, rula, multimita na dira. Mkifika Soitsambu, ulizeni kanisa la kigango siku ya mazoezi ya kwaya. Mtawasikia wanaume kwanza, na besi iko chini yao.